Vitindamlo vya Kahawa vya Kiitaliano: Mwongozo Kamili wa Tiramisu, Granita, Panna Cotta na Affogato

Vitindamlo vya kahawa vya Waitaliano havidai mikono ya fundi. Hakuna donge la kukanda wala sukari ya kuchoma hadi iwe rangi ya asali. Kinachoviharibu, karibu kila mara, ni maji: biskuti imekunywa kahawa kupita kiasi, krimu imeachia maji, barafu imeganda jiwe, au kahawa yenyewe ni nyepesi kiasi cha kuonja kama maji ya kuoshea birika. Ukijua maji yako wapi na yanataka kwenda wapi, kazi iliyobaki ni ya kupima na kusubiri. Tafuta mizani ya jikoni. Vipimo vya kikombe vinatosha kwa uji, lakini kwenye jelatini, ule unga wa kugandisha, na kwenye sukari ya granita vitakuangusha.

Kahawa kwanza

Mashine ya espresso si lazima. Nyumba nyingi za Italia hutumia moka, lile birika la alumini lenye pande nane ambalo Alfonso Bialetti alianza kulitengeneza mwaka 1933. Kinachouzwa kama moka ya vikombe sita huchukua takribani mililita 300 za maji na gramu 25 hadi 30 za kahawa, na hutoa kahawa inayokaribia kutosha tiramisu moja ya watu wanane. Usichanganyikiwe na jina: vikombe hivyo sita ni vile vidogo vya Waitaliano, si vikombe vya chai.

Jaza maji mpaka chini kidogo ya vali ya usalama, yasiifunike. Weka kahawa iliyosagwa laini kama chumvi ya mezani, isawazishe kwa kidole, wala usiishindilie. Ukiishindilia maji hayapiti vizuri, mgandamizo unapanda na kahawa inatoka na ladha ya kuungua. Washa moto mdogo, acha kifuniko wazi utazame. Kahawa itaanza kutoka taratibu, nyeusi na nzito, kisha itazidi kuwa ya rangi ya majani makavu. Birika likianza kukoroma, ondoa kwenye moto papo hapo na upoze kitako chake kwa kitambaa kibichi. Mkoromo ule ni mvuke unaobeba uchungu wa mwisho wa unga, na uchungu huo ukiingia kwenye krimu hautoki hata ukiongeza sukari.

Huna moka? Chukua gramu 60 za kahawa ya kusaga na mililita 400 za maji yaliyochemka na kutulia dakika moja. Mimina juu ya kahawa, koroga, funika dakika tano, kisha chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Unga utabaki na maji mengi, kama mara mbili ya uzito wake, hivyo utapata mililita 280 hivi. Usikamue kitambaa kwa nguvu, utaleta tope. Kahawa ya kuyeyuka ya kopo nayo yafaa: gramu 10 kwa mililita 300 za maji ya moto. Haina harufu nzuri sana, ila kwenye tiramisu, penye kakao na maskarpone (jibini laini la krimu), wengi hawataitambua. Kwenye affogato itatambulika mara moja, usijaribu.

Kuhusu aina: arabika ya Kilimanjaro au Mbeya ina harufu na uchachu mwepesi, na hupendeza kwenye granita na panna cotta. Robusta ya Kagera au Uganda ina mwili mzito, uchungu zaidi na kafeini karibu mara mbili ya arabika. Watu huidharau bure. Kwenye michanganyiko ya kahawa ya kusini mwa Italia robusta ni jambo la kawaida, na ndiyo inayosikika pale kahawa inapopambana na mafuta ya krimu. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa ajili ya tiramisu ni chaguo zuri kabisa. Kahawa chungu ya dele kama wanayokunywa Pwani pia inafaa kwa nguvu yake, lakini ikiwa imepikwa na iliki au tangawizi utapata kitu kingine. Kitamu, ila usikiite cha Kiitaliano.

Tiramisu

Ni tabaka za biskuti zilizochovywa kwenye kahawa na krimu ya maskarpone. Jina maana yake ni "ninyanyue", kwa maana ya kumtia mtu nguvu. Tiramisu tunayoijua leo inahusishwa zaidi na mgahawa wa Le Beccherie mjini Treviso, miaka ya mwanzo ya 1970, ingawa jirani zao wa Friuli Venezia Giulia wanadai ni yao, na mwaka 2017 serikali ya Italia iliiweka kwenye orodha ya vyakula vya jadi vya mkoa huo. Ugomvi wao tuwaachie. Linalotuhusu jikoni ni kwamba tiramisu ya Treviso haina pombe na haina ute mweupe wa yai. Ina viini, sukari, maskarpone, biskuti, kahawa na kakao basi. Pombe imeingizwa baadaye na wengine. Asiyeitumia hajapunguza kitu.

Kwa watu 8, kwenye bakuli la sentimita 20 kwa 22 lenye kina cha sentimita 6 au 7:

- viini vya mayai 4
- sukari gramu 100
- maskarpone gramu 400
- krimu ya kupiga yenye mafuta 35%, mililita 200
- biskuti za savoiardi 24 (zile ndefu na kavu za sponji)
- kahawa kali mililita 300, na vijiko 2 vya chakula zaidi kwa ajili ya viini
- kakao isiyo na sukari, vijiko 2 vya chakula
- chumvi, chembe tu

Krimu ya kupiga haimo kwenye mapishi ya Treviso. Tumeiweka kwa sababu hulainisha maskarpone na kuisaidia kusimama pale friji inapofunguliwa kila dakika tano. Ukitaka ya asili, ondoa krimu na uongeze maskarpone hadi gramu 500.

Anza na viini, kwa kuwa vinahitaji muda wa kupoa. Wengi huvitumia vibichi. Sisi tunavipika kwa mvuke, maana chakula hiki hukaa saa nyingi bila kupita motoni tena, na walaji huwa wamo watoto, wazee na wajawazito. Weka vidole viwili vya maji kwenye sufuria, yafuke bila kutokota kwa nguvu, kisha weka juu yake bakuli la chuma au kioo ambalo kitako chake hakigusi maji. Tia viini, sukari, chumvi na vile vijiko viwili vya kahawa. Piga kwa mchapo wa waya bila kusimama, ukifikia pembeni na chini, dakika sita hadi nane. Mwanzo mchanganyiko ni mwembamba na una mapovu makubwa. Baadaye mapovu yanakuwa madogo, rangi inafifia, na mchapo unaacha njia nyuma yake. Ukiwa na kipimajoto, lenga nyuzi 72 hadi 75. Usipokuwa nacho, inua mchapo na uchore nane juu ya mchanganyiko: ile nane ikikaa ukahesabu hadi tatu kabla haijazama, tayari.

Ukiona vipande vidogo kama vya mayai ya kukaanga, moto ulikuwa mkubwa au ulisimamisha mkono. Ondoa upesi na upitishe kwenye chujio. Vikiwa vichache vitabaki nyuma. Vikiwa vingi, anza upya, viini vinne si hasara kubwa. Endelea kupiga nje ya moto, ukiweka bakuli juu ya maji baridi, hadi ukigusa kwa mgongo wa kidole usisikie joto lolote. Usiharakishe hapa. Viini vya vuguvugu vikikutana na maskarpone huyeyusha mafuta yake, na utaishia na supu ambayo friji haitaiokoa.

Maskarpone itoe kwenye friji dakika kumi kabla, si zaidi. Ilainishe kwa mwiko, kwa kuikandamiza pembeni mwa bakuli, hadi mabonge yaishe. Mashine ya keki iweke mbali. Maskarpone ni mafuta mengi yaliyoshikana na maji kidogo, ukiipiga kwa kasi mafuta hujitenga kama unavyosukasuka maziwa kupata siagi: kwanza inakuwa na chembe chembe, kisha maji yanachuruzika. Kwenye hatua ya chembe bado unaweza kuiokoa kwa kuchanganya taratibu vijiko viwili au vitatu vya krimu isiyopigwa. Maji yakishatengana, imekwisha. Hiyo ni siagi, ipake kwenye mkate.

Changanya viini na maskarpone kwa mara tatu. Piga krimu peke yake, ikiwa baridi, hadi ncha yake isimame na kuinama kidogo, kisha iingize kwa mwiko mpana ukikunja kutoka chini kuja juu.

Sasa biskuti, na hapa ndipo wengi hukwama. Kahawa iwe imepoa kabisa na iwe kwenye sahani yenye kina kifupi. Savoiardi upande mmoja una sukari, na upande wa pili ni mtupu wenye matundu. Ishike kwa ncha, ichovye upande wa matundu ukihesabu moja, igeuze, moja tena, itoe. Ivunje ya kwanza kati uione ndani: inapaswa kuwa na rangi ya kahawa nje na mstari mweupe mkavu katikati, mwembamba kama kiberiti. Mstari huo utalowa wenyewe usiku ule kwa unyevu wa krimu. Kama biskuti imelowa yote sasa, kesho kitako cha bakuli kitakuwa na dimbwi. Kama mstari ni mnene kama kidole, rudia ukihesabu moja na nusu. Viwanda hutofautiana, na biskuti za pakiti iliyokaa wazi hunywa polepole. Kahawa ya moto hupasua sukari na unga wa biskuti mara moja, ndiyo maana tumesema ipoe.

Panga 12 chini, sambaza nusu ya krimu, panga 12 nyingine, malizia na krimu. Safu ya pili ilaze kinyume na ya kwanza ili vipande visikatike vikianguka. Funika, weka ndani ya friji saa sita kwa uchache; saa kumi na mbili ni bora. Kakao inyunyizwe kwa chekecheke muda mfupi kabla ya kula, kwani ikilala humo hufyonza unyevu na kuwa madoa meusi. Tumia kakao halisi, si ile ya kunywa iliyotiwa sukari na maziwa. Kwenye friji tiramisu hukaa siku mbili bila shida, ya tatu ladha inaanza kuchoka.

Maskarpone au savoiardi zikikosekana

Nje ya miji mikubwa maskarpone ni adimu na ghali. Unaweza kuitengeneza kwa mililita 500 za krimu yenye mafuta 35% na kijiko kimoja cha chakula cha maji ya limau. Pasha krimu kwenye mvuke hadi nyuzi 85, tia limau, koroga taratibu na uishikilie kwenye joto hilo dakika tano. Haitakatika mabonge kama maziwa ya jibini. Itazidi uzito tu na kuupaka mwiko. Ipoze, imimine kwenye kitambaa kilichokunjwa mara nne juu ya chujio, iache ndani ya friji ichuruze usiku kucha. Utapata gramu 350 hadi 400. Krimu ya kupikia yenye mafuta 20% haitashika, hata uisubiri wiki. Mtindi uliokamuliwa usijaribu, uchachu wake hugombana na kahawa.

Savoiardi mbadala: keki ya sponji isiyo na siagi, ikatwe vidole vya unene wa sentimita mbili na vikaushwe kwenye oveni ya nyuzi 110 kwa dakika 40 hivi, vikigeuzwa mara moja. Lazima vilie vikivunjwa. Keki laini isiyokaushwa hugeuka uji ikigusana na kahawa.

Granita ya kahawa

Hii ni barafu ya kukwangua ya Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia. Mjini Messina huliwa asubuhi ya joto pamoja na mkate mtamu wa brioche wenye kifundo juu, na mtu anayeagiza "mezza con panna", yaani "nusu na krimu", ataletewa granita ya kahawa na krimu. Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam au Mombasa, ningesema inatufaa kuliko tiramisu.

Kahawa kali mililita 500, sukari gramu 100, kwisha. Yeyusha sukari kahawa ikiwa ya moto, ipoze kabisa, imimine kwenye trei ya chuma isimame sentimita mbili au tatu. Chuma hupitisha baridi upesi kuliko plastiki. Weka kwenye friza. Baada ya dakika 45 utaona ukingo wa barafu pembeni; ukwangue kwa uma, uupeleke katikati. Rudia kila nusu saa. Baada ya saa tatu hivi unakuwa na chembe zenye unyevu, zinazomeremeta, ambazo hukaa kwenye kijiko bila kuteleza.

Sukari hapa haipo kwa utamu peke yake. Inazuia sehemu ya maji isigande, ndiyo maana granita haiwi jiwe. Ukipunguza hadi gramu 50 kwa kuwa "hupendi tamu sana", utakwangua barafu ya kuvunjia meno. Ukizidisha hadi 200, itachelewa kuganda na itabaki laini mno. Kumbuka pia kwamba baridi hufifisha utamu: ikionja tamu kupita kiasi kidogo ikiwa vuguvugu, iko sawa.

Umeme ukikatika, ikayeyuka na kuganda tena bonge moja, iache nje dakika kumi na tano, ivunje, iponde kwa uma upya. Haitakuwa laini kama ya kwanza lakini inalika. Piga mililita 200 za krimu bila sukari hata chembe, hadi iwe nzito ila bado inamiminika. Krimu kijiko kimoja chini ya glasi, granita, krimu juu. Uchungu wa kahawa, utamu wa barafu na krimu isiyo na kitu vinahitajiana; ukitia sukari kwenye krimu umevunja mizani.

Panna cotta ya kahawa

Ni krimu tamu iliyogandishwa kwa jelatini, na asili yake inatajwa kuwa Piemonte, mkoa wa kaskazini mwa Italia. Hapa kuna mbinu ambayo watu wengi hawaijui: usitumie kahawa ya kupikwa, tumia buni zilizokaangwa zikiwa nzima. Loweka gramu 40 za buni kwenye mililita 400 za krimu na mililita 100 za maziwa, ndani ya friji, usiku kucha. Mafuta ya krimu huchukua harufu na kuacha uchungu mwingi nyuma. Asubuhi unachuja na kupata krimu inayokaribia kuwa nyeupe lakini inanukia kahawa. Mgeni akila anatazama kijiko mara ya pili. Buni zitakuwa zimefyonza kidogo, ongeza maziwa urudi mililita 500.

Loweka gramu 6 za jelatini ya unga kwenye vijiko viwili vya maji baridi kwa dakika tano hadi ivimbe. Pasha krimu na gramu 70 za sukari mpaka ianze kufuka, usiichemshe, toa kwenye moto, tia jelatini, koroga hadi iyeyuke yote. Jelatini iliyochemshwa hupoteza nguvu ya kushika. Acha ipoe hadi vuguvugu ndipo umimine kwenye vikombe vitano. Ukimimina ya moto, mafuta hupanda juu na utapata tabaka mbili. Friji saa tano. Iliyo sawa hutikisika katikati ukigusa kikombe. Ikisimama kama mpira, jelatini ilizidi.

Kwa anayetafuta halali, soma pakiti: iandikwe ng'ombe na iwe na alama ya halali, kwani nyingine ni ya nguruwe. Njia ya pili ni agari ya unga, inayotokana na mwani, gramu 2 kwa kipimo hiki. Yenyewe ni kinyume cha jelatini, lazima ichemke dakika mbili, na huganda hata nje ya friji, hivyo mimina upesi. Panna cotta yake hukatika badala ya kuyeyuka mdomoni. Na kabla hujafikiria mwani wa Paje na Jambiani: ule unaolimwa Zanzibar hutoa karajinani, kigandishi kingine, si agari, vipimo vyake ni vingine.

Affogato

Maana yake ni "iliyozamishwa", na ndivyo ilivyo. Weka vikombe vidogo kwenye friza nusu saa. Chota aiskrimu ya vanila au ya maziwa matupu, gramu 80 hivi, iwe ngumu kabisa. Iliyoanza kulainika itakuwa maziwa kabla hujaketi. Pika moka ndogo wageni wakiwa wameshakaa, kwa sababu kahawa iliyosubiri inapoa na inachachuka. Mililita 30 hadi 40 kwa kila kikombe, zisizo na sukari, zimiminwe mezani, pembeni mwa donge si juu yake, ili sehemu ya aiskrimu ibaki baridi huku nyingine ikiyeyuka kuwa mchuzi wa rangi ya maziwa ya chai. Zaidi ya hapo umepika kahawa ya maziwa. Aiskrimu za bei rahisi zenye mafuta ya mboga hazifai: zikikutana na kahawa ya moto huacha utando wa mafuta unaoelea na kuganda kwenye kaakaa. Leta kijiko pamoja na kikombe. Una kama dakika tatu.